Fundi wa injini Kibirizi: mpelekee, ila usimharakishe

Kama una injini ya boti iliyokushinda, jenereta iliyogoma, au mashine ya kusaga ambayo mafundi wa mjini wameshakushauri uiuze kwa kilo kwa wanunua vyuma chakavu, kuna banda moja Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, juu kidogo ya mwalo, ambalo ningependa ulijue kabla hujatoa hela ya kununua nyingine. Halina kibao. Ukishawapita kina mama wanaoanika dagaa, tafuta mwembe wenye mnyororo wa kuning'inizia injini. Jina la mwenyewe siliweki humu kwa sababu amenikataza. Anasema wateja alionao wanamtosha, na nusu yao hawajamlipa. Wewe uliza tu mzee wa mashine, hata mtoto atakuonyesha.

Mimi si fundi. Nina kipe kimoja, chombo cha kuvulia dagaa, na Yamaha ya farasi 40, ile ya tustroki ambayo wavuvi wengi huku wanaiamini, na ninachokijua kuhusu mashine ni kile ambacho nimekilipia. Kwa hiyo nitasema nilichokiona kwenye mali yangu mwenyewe.

Tatizo langu lilikuwa injini kutokukoja. Kwa wasio wa ziwani: injini ya boti hupozwa na maji ya ziwa lenyewe. Kule chini, karibu na pangaboi, kuna pampu yenye kigurudumu cha mpira, impela, chenye mabawa sita. Kikizunguka kinavuta maji na kuyapandisha kwenye silinda, na maji kidogo hutokea pembeni kwenye kitundu, mkondo mwembamba tu, na huko ndiko kukoja. Ukiuona mkondo, injini inapoa. Ukikatika, una muda mfupi sana wa kuzima kabla pistoni haijavimba ikang'ang'ania kwenye silinda. Vijana wangu walizima mapema, Mungu awape heri, wakarudi kwa makasia hadi alfajiri.

Fundi wa kwanza niliyempelekea, ambaye simtaji na wala si wa Kibirizi, alifungua akakuta impela imekatika, akafunga mpya. Injini ikakoja siku hiyohiyo, nikalipa, nikashukuru. Usiku wa pili ikachemka. Akafungua tena, safari hii lawama ikaangukia thamosta, kile kilango kinachofunguka kwa joto kupitisha maji. Akaing'oa na kunikabidhi, akasema huku kwetu kwenye joto haina kazi. Ikachemka tena. Hapo akashika kiuno na kuniambia kichwa kimepinda, bloku imekwisha, nitafute injini ya mtumba, na kwa bahati nzuri yuko mtu anamfahamu anauza.

Nina desturi ya kudai spea zangu za zamani kila kinapobadilishwa kitu, maana unaweza ukalipishwa kipya ukafungiwa kilekile kimeoshwa kwa petroli. Kwa hiyo nilikuwa nazo, impela na thamosta, ndani ya kopo la rangi. Nilipofika kwa mzee wa mashine vijana wamebeba injini begani, nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Vya zamani viko wapi?"

Hakuuliza injini ina nini. Nilimwaga kopo juu ya meza yake, akaokota ile impela, akaizungusha taratibu kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Mabawa manne yalikuwepo. Mawili yalikuwa yamekatika kwenye shina.

"Haya mawili yamekwenda wapi?"

"Sijui, mzee."

"Aliyefungua aliyaona?"

Nikanyamaza. Kijana wangu mmoja akaanza kucheka, akajizuia.

"Basi yamo humohumo."

Akaushusha mguu wa injini, akachomoa kibomba cha shaba kinachopandisha maji, akakielekeza juani na kuchungulia. Kisha akachukua spoki ya baiskeli aliyoikunja ncha kama ndoano, akaiingiza, akaisikiliza inavyokwaruza. Kipande cha kwanza kilitoka na matope meusi, hakizidi kucha ya kidole cha mwisho. Cha pili kilikuwa mbali zaidi, kwenye njia ya maji upande wa kichwa, na spoki haikukifikia. Hapo akaniletea jambo ambalo sikulitarajia: pampu ya baiskeli. Akafunga mpira mdomoni pa pampu, akapuliza kutoka juu kushuka chini, kinyume na yanakopita maji. Kitu kilichokwama kwa kusukumwa, alisema, hukitoi kwa kuendelea kukisukuma. Baada ya kupuliza mara kadhaa kikadondoka kwenye sinia.

Akanieleza pia kwa nini ufukweni ilikuwa inakoja vizuri na kule mbele inachemka. Kwa mwendo mdogo kipande kinalegea, maji yanapita pembeni. Ukifungua mafuta hadi mwisho, maji yanakuja kwa nguvu na kukibana kwenye kona, njia inaziba. Fundi anayejaribu injini kwenye pipa kwa dakika mbili hawezi kuliona hilo. Huyu aliijaribu kwenye pipa, halafu akapanda boti mwenyewe, na umri wake ule, akaikimbiza mpaka mbele ya bandari na kurudi huku ameweka kiganja juu ya kichwa cha injini.

Vilevile ile thamosta haikuwa mbovu. Aliifunga uzi, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko lake la mkaa, jiko lilelile la chai, akaniita nitazame. Maji hayajaanza hata kuchemka ikafunguka yenyewe. Alipoitoa na kuipoza ikajifunga. "Hii inakula mshahara wake," akasema, akairudisha kazini. Na kichwa kilichosemekana kimepinda alikilaza juu ya kipande cha kioo kinene na kujaribu kupenyeza karatasi ya sigara pembeni kuzunguka kote. Haikuingia popote.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo jibu langu kwa kila anayeniuliza kwa nini nasafirisha injini hadi Kibirizi wakati kuna gereji zenye sakafu ya saruji. Ufundi ulinigharimu elfu sabini pamoja na kushinda pale siku nzima. Injini ya mtumba ingekula mamilioni.

Kuna jambo jingine ambalo mteja mgeni linamchanganya, bora ulijue mapema. Kabla hajashika spana mzee anakuuliza, "Unataka ya kufika au ya kukaa?" Jibu kwa umakini, maana bei na muda vinatoka hapo. Ya kufika ni ya mtu aliyekwama. Siku moja nikiwa pale iliingia boti ya Wakongo inayorudi Kalemie, pampu ya mafuta imechanika kile kiwambo chake cha ndani. Mjini hakikupatikana. Mzee alikata kingine kutoka kwenye mpira wa ndani wa mpira wa miguu, akakifunga, akawaambia kwa Kiswahili cha kwao kwamba petroli itaula mpira huo, wakifika watafute wa kweli, wasilale nao hata usiku mmoja. Hakuwatoza. Ya kukaa ni nyingine kabisa. Ukimwambia unataka ya kukaa atakutuma ukanunue, na hatakubali ubabaishaji.

Watu wengi humsikia kwamba ni bingwa wa kuunga-unga na wanakuja wakitegemea atawachongea kila kitu kwa bei ya chai. Wanaondoka wamekasirika. Gasketi ya mguu wa injini yangu aliitengeneza mwenyewe: alilaza karatasi ya gasketi juu ya chuma, akaigonga kingo kwa nyundo ndogo ya kichwa cha duara hadi karatasi ikajikata yenyewe kwa umbo la chuma, matundu ya bolti na yote. Lakini gasketi ya kichwa aliikataa katakata. Hiyo, alisema, inazuia moto upande mmoja na maji upande mwingine, kanunue orijino. Impela vivyo hivyo. Aliwahi kuona Mpulungu, upande wa Zambia, impela iliyochongwa kutoka kwenye tairi, ikazunguka, ikapandisha maji kabisa, mwenye nayo akashangilia. Kilichofuata akanionyesha kwa kugonga ngumi mbili pamoja, pistoni na silinda. Fundi wa kuchonga chochote nimewaona wengi. Anayejua kitu gani hakichongwi nimempata mmoja.

Hilo hakulipata darasani. Maisha yake huyasimulia vipande vipande, bolti moja hadi nyingine, wala hayafuati mpangilio, na mimi nimeyaunga kwa kukaa pale nikisubiri. Alianza ujana wake kwenye depo ya reli Tabora, pale njia zinapoachana, moja kuja kwetu Kigoma na nyingine kwenda Mwanza, wakati injini za mvuke zilikuwa ukingoni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupita kando ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu akigonga magurudumu. Gurudumu zima linalia kwa muda mrefu. Lenye ufa sauti yake inakufa papo hapo. Mpaka leo hafungui mashine kabla hajaisikiliza: anasimamisha bisibisi ndefu juu ya beringi, anaweka sikio kwenye mpini, anafumba macho. Ukiongea wakati huo unanyooshewa kidole.

Kutoka Tabora akafuata TAZARA. Reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi Wachina waliijenga pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, na yeye akaangukia Mpika, Zambia, kwenye karakana. Anawasifu wale Wachina kwa jambo moja: kila chombo kilirudishwa mahali pake jioni, hata kama ni waya. Ukiangalia ukuta wa banda lake utaelewa. Kila spana imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe kwenye ubao, ikikosekana inaonekana kutoka mlangoni. Nusu ya hizo spana huwezi kuzinunua. Moja imekatwa, ikapindwa na kuchomelewa upya kwa ajili ya nati ya jenereta za aina moja tu. Chombo cha kung'olea flaiwili ni bamba la chuma na bolti tatu, alikitengeneza alipokuwa Kitwe, hukohuko Zambia, na fundi wa kwenye gereji ya saruji huja kukiazima. Najua kwa sababu nilimkuta akiomba.

Baadaye ni Lubumbashi, Kalemie, kisha kurudi Mpulungu, na miaka mingi ya barabara juu ya Honda CG125 aliyoikusanya kutoka pikipiki mbovu kadhaa. Ile pikipiki ipo, iko nyuma ya banda, inawaka. Ukimuuliza alikuwa anabeba nini njiani atakuonyesha kopo la maziwa: waya mwembamba, vipande vya tyubu, plagi moja, kipande cha msasa, na nusu mche wa sabuni. Sabuni nilidhani ni ya kuogea. Kumbe tangi la mafuta likivuja kwenye kona unaisugua sabuni ya mche penye ufa mpaka ishike, kwa kuwa petroli haiiyeyushi, na unafika. Ya kufika, tena. Hakuna mtu yeyote wa kumpigia simu kwenye pori la kati ya Mpika na Kasama, anasema, na ukimtazama anavyokunja midomo unajua kuna usiku mmoja hapo hajausimulia.

Kinachonifurahisha zaidi pale ni mashine yake ya kuchonga vyuma. Ni kuukuu, nzito, aliinunua Kitwe kama chuma chakavu. Akaifungua nati kwa nati, akaipakia kwenye masanduku, lori likaifikisha Mpulungu na meli ya Liemba ikaileta Kigoma. Nilipomwambia huo ulikuwa wazimu akacheka hadi akakohoa. "Mjerumani kaleta meli nzima kwa masanduku, mimi nishindwe kuleta mashine?"

Anayo haki ya kucheka. Liemba iliundwa 1913 na Meyer Werft, Papenburg, Ujerumani, ikapewa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa tena vipande na kusafirishwa kwenye masanduku kama 5,000 hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi huku, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma. Ilishuka majini Februari 1915. Hii habari kila mwenyeji ameisikia. Ila mzee anaipenda kwa sababu ya kipande ambacho wengi hukiruka, na kipande hicho kimeniokolea hela.

Julai 1916, Wajerumani walipoona wanaondoka, waliamua kuizamisha wenyewe isichukuliwe na adui. Kazi hiyo walipewa wale wale mafundi walioiunganisha, akiwemo Anton Rüter. Kabla ya kuizamisha walipaka injini grisi nzito. Ikakaa chini ya maji. Waingereza waliiinua 1924 na kukuta injini inafufulika, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilitembea kwa mvuke ule ule mpaka ilipobadilishiwa dizeli miaka ya 1970. Sasa ukifika kwa mzee na injini iliyooza kwa kulazwa bila matunzo, hatakukemea. Atakuuliza tu, kwa upole wa kuudhi, kama umewahi kuisikia habari ya Liemba.

Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuvua kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, alinipa darasa zima mapema Mei. Miezi mitatu injini imekaa ni mingi. Tuliiwasha ndani ya pipa la maji safi, tukafunga bomba la mafuta ikala yote yaliyobaki kwenye kabureta mpaka ikazima yenyewe, maana mafuta yaliyochanganywa na oili yakikauka mle yanaacha gundi na vitundu vya jeti vinaziba. Tukatoa plagi, tukamimina oili kidogo kila silinda, tukaizungusha kwa mkono oili ienee. Mguu tukaumwaga oili ya gia, akaipangusa kwenye kiganja na kuitazama juani: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yanaingia kwenye sili. Yangu ilikuwa nyeupe kidogo. Sili ikabadilishwa wakati ambapo haikunigharimu hata usiku mmoja wa kazi. Shafti na nati zote zikapakwa grisi. Agosti ziwa lilipofunguliwa, mwaloni kulikuwa na vurugu ya watu wanaovuta kamba za injini na kutukana. Yangu ilivutwa, ikakohoa moshi mwingi wa oili, ikawaka.

Mashine ya kukamulia mawese aliyomtengenezea shemeji yangu kutoka giaboksi ya pikapu siiongelei sana kwa kuwa siitumii mimi. Shemeji anasema inakamua vizuri na inapiga kelele. Kelele nimezisikia.

Sasa lawama, maana zipo.

Ya kwanza ni safari. Mtu aliyezunguka maisha yake yote hawezi kukaa. Niliwahi kuacha jenereta pale, ikafunguliwa, vifaa vikapangwa kwenye sinia, halafu nilipofuata nikaambiwa mzee amevuka Kalemie. Kufanya nini? Kuna mtu ana injini ya dizeli imemshinda. Anarudi lini? Vijana wakatazamana. Wanafunzi wake wawili, mmoja binti anayechomelea chuma kwa mkono uliotulia kuliko wa wanaume wengi niliowaona, hawaruhusiwi kugusa mashine aliyoifungua yeye. Hata uwabembeleze. Jenereta hiyo ndiyo inachaji betri za taa za kuvulia, na ilikuwa siku za giza, wakati pekee ambao dagaa wanaifuata taa. Nikaazima kwa jirani, naye akanitoza kama tulikuwa hatujuani. Mzee aliporudi aliniletea samaki mkavu wa Kongo na hakuomba radhi. Kwa umri wake sikumdai.

Ya pili, simu. Anayo. Huwa imezimwa ndani ya droo ya plagi.

Ya tatu, risiti hakuna, na anakokotoa bei kwa chaki kwenye mlango. Kwa mtu mmoja mmoja kama mimi haina shida, lakini kama ni kikundi cha kina mama chenye hela ya mkopo inayotakiwa kuandikwa, mtapata taabu kwa mweka hazina. Mwombeni yule binti, yeye huandika kwenye daftari akiombwa.

Na kuna mashine ambazo hazigusi. Injini za kisasa za fostroki zenye kompyuta, magari yanayowasha taa ya injini kwenye dashibodi, pikipiki zisizo na kabureta. Anakuambia waziwazi kuwa haoni ndani, na anakuelekeza kwa kijana mmoja wa Mwanga, hapa hapa mjini, mwenye kifaa cha kusomea. Mimi hilo nalihesabu upande wa sifa, ingawa niliwahi kumwona mwenye gari akiondoka amenuna kwa kuwa alishuka mlima bure.

Spea feki nazo usimpelekee. Ana njia zake za kuzijua. Beringi anaizungusha karibu na sikio, plagi anaipima uzito kwenye kiganja, kisha anakurudishia bila neno. Ukisisitiza afunge hivyohivyo, atakufungia kwa sharti useme mbele ya vijana kwamba ni ya kufika.

Nimeshatumia mafundi wa kutosha huku, na kwingi wakiona mwanamke ndiye mwenye injini, maelezo wanampa kijana aliyeibeba. Mimi nasimama pembeni nikiambiwa jumla ya hela. Huyu mzee tangu siku ya kwanza aliniita nikaribie, akaniwekea kile kipande cha mpira mkononi, akanieleza kimetoka wapi na kimefanya nini. Vijana wangu ndio waliosimama pembeni. Sasa nikisikia injini inabadilisha mlio nikiwa ufukweni tu, najua nianzie wapi kuuliza.

Ukiamua kwenda, nenda asubuhi kabla jua halijapiga mabati, maana lile banda mchana ni tanuri. Ijumaa kuanzia saa sita usitarajie kumwona mpaka swala iishe na azungumze na kila mtu njiani. Beba spea zako zote za zamani, hata zilizovunjika, hasa zilizovunjika. Mafuta ya kujaribia nenda nayo mwenyewe, yeye hakopeshi petroli. Uliza kwanza kama ana safari, na uulize kwa yule binti, kwa sababu mzee atakujibu hana kisha kesho aende. Ukikuta ameshavuka, injini yako irudishe nyumbani ikiwa imefungwa.